Musoki Alikataa «Iko Normal»

Kama téléphone yako imekufa mu Bunia, uliza tu ku boulevard. Batakuonyesha parasol moja ya bleu, kipande yake moja imeungua, karibu na bamama ba makala. Chini ya parasol kuko meza, na ku meza kuko kibao: H. MUSOKI, TÉLÉPHONE, FLASH, DÉBLOCAGE. H ni Hortense. Lakini usimuite Hortense, hatageuka! Hortense ni jina ya carte d'électeur. Mwenye anakaa pale ni Musoki: miaka vingt-sept, mufupi, sauti kubwa kupita mwili. Umuletee téléphone yenye ilianguka mu maji, umudanganye «haikuguswa na maji», atakuangalia tu, atanyamaza, mupaka utasema ukweli weye mwenyewe.

Alitokaka Butembo akiwa mutoto wa miaka douze, na mama yake mwenye alikuwa anauzisha maharagi. Masomo iliishia ku troisième secondaire. Lakini akili haikuishia pale, aka! Téléphone ya kwanza aliifungua na kisu ya kumenya viazi. Ikakufa. Akalia siku mbili, siku ya tatu akatafuta ingine. Yeye mwenyewe anaelezaka batu, na kicheko, kama aliua ba téléphone saba mbele ya kuponyesha moja. Na mambo ya réseau, ile njia ya internet? Ile alijifunza na routeur moja ya kufa, alinunua ku Iga Barrière kwa papa mwenye alifikiri ni radio. Miezi tatu! Anaifungua, anaifunga, anaangalia vidéo ku téléphone ya kioo ya kupasuka, anarudilia kipande yenye hajaelewa, mara kumi, mara makumi mbili, mupaka mama yake anapiga kelele: «Huyu muzungu wa vidéo atalala hapa kwetu leo?»

Na alikuwa na cahier. Kila téléphone ya kichwa nguvu ilikuwa na ukurasa yake. Mule anaandika paka vitu tatu: saa ngapi, nani alikuwa pale, nini ilibadilika. Batu banamucheka. Yeye anaandika.

Sasa, mwezi wa kumi, mvua inapiga Bunia kila siku, Émilienne akakuya kusimama mbele ya ile parasol, viatu yote matope. Émilienne anafanya kazi mu association moja ndogo yenye inasaidia ba déplacés, batu benye vita ilibafukuza kwao. Yeye pia ni mutu wa Bule, alikimbia na batoto yake sawa na bengine.

«Dada Musoki, unatengenezaka réseau?»

«Réseau ya nini?»

«Ya ku bureau. Tangu août, mwezi wa munane, inakatika.»

«Inakatika kila saa?»

«Ingekuwa kila saa tungezoea! Inakatika wakati inataka. Inarudi wakati inataka. Kama bwana mulevi.»

Musoki akacheka, lakini Émilienne hakucheka. Akamuelezea. Kulikuwa na famille quatre cent douze, mia ine na kumi na mbili, bote batu ba pande ya Bule, banalala mu site, ile kambi yao, chini ya ba bâche, turubai ya zamani yenye imetoboka. Ba bâche mupya itagawiwa, lakini paka kwa batu benye jina yao iko mu liste, na liste inaingizwa ku ordinateur, mu formulaire moja ku internet. Vendredi midi, ijumaa saa sita ya muchana, formulaire inafungwa. Na leo ilikuwa lundi, juma tatu. Émilienne alikuwa amesha kuingiza soixante-trois tu, makumi sita na tatu.

«Soixante-trois!» Musoki akasema.

«Unafika katikati ya famille, baba, mama, batoto bane, pap! Inakatika. Famille yote inafutika. Unaanza tena. Nilijaribu na mega ya téléphone yangu, mega ikaisha ku famille ya tano. Dada, ile majina miye najua benyewe. Mama mwingine alinishonea nguo ya ndoa.»

«Hamukuita fundi?»

«Tuliita wawili. Wa kwanza alikuya, akaangalia, akasema iko normal. Wa pili alikuya, akakunywa Fanta, akasema iko normal.»

Musoki akafunga parasol. Njo ivi yuko. Ile neno «iko normal» inamuingiaka mu damu kama pilipili mu jicho.

Kesho yake, mardi asubui, akafika ku bureau. Ni nyumba moja ya matofali, salon kubwa yenye ba machine ine, na pembeni bureau ya chef, mulango ya kufungwa. Chef ni Papa Blanchard. Ile siku hakukuwa, alienda terrain, inje ya muji. Na hapa musikie vizuri desturi ya ile nyumba: kazi yote yenye inaleta makelele ao vumbi, kupaka rangi, kutengeneza tôle ya paa, kuita fundi, inafanyikaka siku chef hayuko. Ni heshima. Chef akiwa ndani, hata kiti banabeba, habakokote.

Kule kulikuwa na kijana wa logistique, Constant, chemise ya kupigwa pasi, kinywa ya kupigwa pasi pia.

«Ah, njo huyu?» akasema. «Fundi ya ba chargeur?»

«Ya ba chargeur, na ya midomo yenye haifungake,» Musoki akajibu. «Uko na moja ya kutengeneza?»

Émilienne akajificha kicheko mu foulard.

Musoki akaanza kazi. Akapita nyuma ya ba meza, magoti chini, akafuata kila câble na kidole. Routeur ya bureau, kisanduku yenye inaleta internet, ilikuwa ku ukuta. Kutoka pale, câble moja inashuka mu kisanduku kidogo ya ba tundu munane, ile yenye banaitaka switch: câble yote ya nyumba inakutana mule. Hakuna panya ilikula kitu. Rallonge, kamba ya courant, muzuri. Batterie ya solaire muzuri. Akakaa karibu na Émilienne, cahier ku magoti, akangoja ikatike.

Haikukatika.

Saa tatu, inaenda. Saa sita, inaenda. Saa nane, Émilienne anapiga ba clavier kama mutu anatwanga sombe, famille moja, famille ingine, kufika magaribi akaongeza famille makumi munane na munane. Constant akapita mara tatu, mikono mu mifuko.

«Fundi, unaonaje? Iko normal?»

Ee, ilimuuma! Juu kweli ilikuwa normal. Kama Musoki angekuwa mutu mwingine, angekunywa Fanta yake na kurudi. Lakini akamuuliza Émilienne: «Siku bale mafundi wawili balikuya, ilikuwa ivi?»

«Ivi ivi. Inaenda muzuri siku yote.»

«Na kesho yake?»

«Ikakatika.»

«Basi kesho narudi.»

«Kesho chef iko,» Émilienne akasema pole pole. «Hatuitake fundi siku chef iko.»

«Dada, hamuniite. Nakuya miye mwenyewe.»

Mercredi, Musoki alikaa mu pembe kama mutu mwenye anangoja audience, cahier mu mikono. Na ile siku, wee, mambo ikaonekana! Papa Blanchard akafika, mutu murefu, miwani ku ncha ya pua, koti hata mu joto. Akasalimia, akauliza «Huyu ni nani?», bakamuambia fundi, akainua nyusi, akaingia. Ku ukuta bakasikia «tak». Ni bouton ya rallonge yake. Zamani nyumba yake iliungua juu ya courant, basi kila mara akitoka anazima vyote, kila mara akiingia anawasha vyote. Bureau nzima banajua ile «tak» yake.

Na kisha kidogo, Émilienne akapiga meza na mukono: «Imekatika!»

Constant akasema na sauti yenye inapenya milango: «Jana fundi hakukuta shida, leo ameleta yake!»

Chef akachungulia. «Mama fundi, réseau ilikuwa inaenda. Umeifanya nini?»

«Papa, sijagusa kitu leo.»

«Basi gusa. Vendredi midi haitungoje. Kama kesho magaribi iko ivi, sitaki kukuona hapa vendredi.»

Musoki akainama mu cahier. Siku ikapita ivi ivi, inakatika, Émilienne anazima machine, anawasha, inarudi ao hairudi. Machine moja inakufa, ya pembeni inaishi, kisha banabadilishana. Famille makumi mbili tu mu siku nzima. Magaribi, Musoki akasoma mwandiko yake:

9h10, chef anafika. 9h17, inakatika.
12h30, chef anaenda kula. 12h40, kuzima na kuwasha, inaenda muzuri.
14h05, chef anarudi. 14h20, inakatika.

Akafunga cahier na mukono haraka, sawa mutu mwenye ameona nyoka mu kikapo. Lakini Émilienne alikuwa amesha kusoma juu ya bega yake.

«Futa,» Émilienne akasema.

«Sifute.»

«Musoki, futa! Utaenda kumuambia mutu muzima, chef, kama kivuli yake njo inaua réseau? Batasema uko mulozi, ao batasema yeye njo mulozi, sijui ya mubaya ni gani!»

«Mutu haikatake réseau, Émilienne. Kuko kitu. Anaingia, kuko kitu inaamuka. Anatoka, ile kitu inalala. Natafuta kitu, sitafute mutu.»

Usiku hakupata usingizi muzuri, anageuka, anageuka, mupaka mama yake akamupiga teke.

Jeudi akafika wa kwanza. Akamungoja Émilienne, bakawasha machine, na Musoki akafungua mu réglages, akaandika adresse ya ile machine ku cahier. Hii adresse ni nini? Kila machine yenye inaingia mu réseau inaomba numéro, sawa vile mutu anaomba numéro ya parcelle, ya kiwanja yake, ku avenue. Routeur njo inagawa. Ile asubui adresse ilikuwa na «un», numéro moja, katikati. Réseau inaenda.

Chef akafika. «Tak.»

Musoki akazima machine, akawasha. Inasema imeunganishwa, alama yote iko muzuri, lakini internet hakuna. Akafungua réglages. Adresse imebadilika. Pale katikati hakuko tena un. Kuko zéro.

Akasimama, akaenda ku ukuta, akachomoa courant ya routeur ya bureau. Taa yote ikazima.

«Fundi! Sasa unaiua kabisa!» Constant akalia.

«Nyamaza kidogo, ndugu yangu. Émilienne, zima, washa. Soma adresse.»

Émilienne akafanya vile. Akasoma. Akasoma tena. «Zéro.»

«Umeona? Routeur imekufa. Mwenye anagawa numéro amelala. Lakini machine imepata numéro. Nani ameigawia?»

Hata Constant akasogea karibu. Juu ile, unaielewa hata kama haujui kitu ya ba ordinateur: kama mwenye kugawa amelala na vitu inagawiwa, kuko mwingine mu nyumba.

Musoki akarudisha courant, akapiga magoti mbele ya switch. Ba câble sita. Akachomoa ya kwanza. «Émilienne?» «Zéro.» Akairudisha. Ya pili. «Zéro.» Ya tatu. Ile câble ilikuwa ya jaune, rangi ya njano, inapita nyuma ya armoire, inaingia mu kitobo ku ukuta. Akaichomoa.

«Émilienne?»

«Un! Un, dada! Inaenda!»

Akairudisha. «Zéro.» Akachomoa. «Un!» Mara tatu. Kisha akafuata ile câble na macho, armoire, kitobo, ukuta. Na nyuma ya ile ukuta, unajua kuko nini.

Mulango ya chef ikafunguka. Papa Blanchard akasimama pale na téléphone mu mukono.

«Nani amekata réseau yangu?»

Constant hakungoja. «Chef, ni huyu. Tangu asubui anachomoa ba câble kama mutu anangoa mihogo!»

Émilienne akainamia Musoki, kinywa ku sikio: «Mwambie ile tundu imekufa. Câble ibakie inje. Kwisha.»

Na kweli Musoki aliwaza. Uongo kidogo, ba famille banaingia, hakuna mutu anaumia. Lakini chef alikuwa amesha kuiona ile câble ya jaune chini.

«Rudisha ile câble,» akasema. «Niko na réunion ya vidéo saa tano.»

Akiirudisha, ba famille bamekufa mu formulaire. Akikataa bila kusema sababu, yeye iko inje. Kitu yenye ilibakia ilikuwa paka ukweli. Lakini ukweli ya mutu muzima haimwangwake mbele ya batoto yake ya kazi. Hiyo hata mama yake ya maharagi alimufundisha. Musoki mwenye sauti kubwa akashusha sauti mupaka chini.

«Papa, nawaheshimu. Munipe dakika tano mu bureau yenu. Siye wawili tu.»

Papa Blanchard akamuangalia juu ya miwani. Kisha akafungua mulango zaidi.

Ndani kulikuwa baridi na kusafi. Ku étagère, rafu yake, chini ya picha ya kijana mwenye kuvaa toge ya masomo, kulikuwa kisanduku nyeupe, antenne mbili, taa ya verte inacheka. Routeur ingine! Mafundi wawili habakuiona, juu hakuna mutu anaingiaka mu bureau ya chef yeye hayuko, na yeye akikuwa hakuna fundi anaitwaka.

«Ile ni muzuri, Papa. Ilitoka wapi?»

«Mutoto yangu Fiacre. Anasoma Kampala. Alileta mu août, akasema Papa, réseau ya salon haifike vizuri kwako, hii itakuletea yako. Aliweka mwenyewe.» Akanyoosha mabega. «Na inafanya kazi.»

Mu août. Na Émilienne alisema matatizo ilianza lini? Mu août.

«Papa, mulishaka kusikia parcelle moja yenye imeuzishwa na ba chef wawili?»

Uso ya Papa Blanchard ikabadilika mara moja. Nani mu Bunia hajasikia? Na yeye zaidi: parcelle yake mwenyewe, ba papier mbili, ba cachet mbili, ile mihuri ya chef, miaka ine ku tribunal na jirani.

«Unaniulizia hiyo nini?»

«Ule mutu mwenye alipata papier ya chef wa pili, alikuwa muivi?»

«Hapana,» chef akasema pole pole. «Alikuwa na papier ya kweli. Paka mwenye alimupa hakuwa na haki.»

«Voilà, Papa. Mu hii nyumba kuko avenue moja. Routeur ya salon njo inagawa numéro. Lakini hii ya Fiacre pia iko na cachet, nayo inagawa. Machine ya Émilienne inaomba, mwenye anajibu wa kwanza njo anashinda. Akijibu huyu, anamupa numéro ya avenue yenye haiko. Machine inafikiri imefika kwake, kumbe iko ku pori.»

Papa Blanchard akakaa. Musoki akaangalia viatu yake. Aliwaza: sasa anifukuze, na bile ba bâche, na mvua.

«Donc miye njo nilikuwa nakata,» chef akasema.

«Hapana Papa, ni kisanduku.»

«Kisanduku haikutembea na miguu yake.» Akasimama. «Nionyeshe.»

Bakatoka. Bote mu salon bakasimama. Musoki akaingiza câble, Émilienne akasoma zéro. Akachomoa, un. «Rudilia,» chef akasema. Akarudilia. «Tena.» Akarudilia tena. Papa Blanchard akavua miwani, akaipanguza na tai yake, na akasema yeye mwenyewe, mbele ya bote:

«Batu yangu, miezi mbili natukana batu ba internet, kumbe adui analala ku étagère yangu. Émilienne, unisamehe.»

Émilienne hakujua aangalie wapi. Constant aliangalia juu ku plafond, na plafond haikukuwa na kitu.

«Lakini,» chef akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya baba, si ya chef, «ni zawadi ya mutoto. Siwezi kuitupa.»

«Nani amesema kutupa? Itabaki pale pale, Papa, na mutakuwa na réseau mu bureau yenu. Tutainyanganya tu cachet. Itapitisha batu, haitagawa tena ma parcelle.»

Hapo Papa Blanchard akacheka, cheko ya tumbo.

Kunyanganya cachet ilitaka mot de passe, neno ya siri. Karatasi yenye ilikuwa chini ya routeur ilishafutika. Bakamuita Fiacre, téléphone inalia tu, iko mu auditoire, mu masomo. Musoki hakungoja. Akatoa boucle ku sikio, akaingiza ncha yake mu kitobo kidogo nyuma, akafinya, akahesabu mupaka kumi. Taa ikazima.

«Umeiua!» chef akashika kichwa.

«Inaamuka, Papa. Munipe wakati.»

Ikaamuka. Musoki akaingia mule na téléphone yake, akatafuta kwenye inasema igawe adresse, akaweka non. Akarudisha câble ya jaune mu switch. Akasema kwa sauti yake ya kweli, ile ya parasol: «Émilienne! Zima, washa!»

«Un!»

«Constant!»

«Un,» Constant akasema, na mbele ya kugeuka akaongeza chini chini, «fundi.»

Ilikuwa dix heures quarante, karibu saa tano. Kulibaki famille mia mbili makumi ine na moja, na siku moja na kipande. Musoki angeweza kurudi ku parasol. Akavuta kiti ku machine ya tatu.

«Munipe ba fiche.»

«Unajua ku-encoder?» Émilienne akauliza.

«Napigaka ba message usiku na mchana, dada. Vidole iko.»

Wee, ile kazi! Émilienne ku machine moja, Constant ku ingine, Musoki ku ya tatu, na Papa Blanchard, koti ku kiti, anasimama katikati anabasomea majina ya ba fiche yenye ilinyeshewa, juu, inje ya Émilienne, yeye njo anajua kusoma mwandiko ya batu ba Bule. Réunion yake ya vidéo ilifanyika mu bureau, na réseau haikutikisika; alirudi anapiga vidole. Bakala mihogo na karanga juu ya magoti. Magaribi balifunga, vendredi balifungua mbele ya jua kupanda vizuri. Mvua ikapiga tôle mupaka chef anasoma na kulalamika. Kila saa Musoki anatupa jicho ku alama ya réseau, kama mama mwenye anaangalia chungu ya maziwa. Haikukatika.

Onze heures trente-huit, dakika makumi mbili na mbili mbele ya midi, Émilienne akapiga famille ya mwisho: Maman Bénédicte, batoto sita, bwana hajulikane iko wapi. Akasukuma. Écran ikajibu: «Bien reçu», imepokelewa.

Bote bakalia na furaha, hata Constant. Émilienne akamupigia Maman Bénédicte mwenyewe, akaweka haut-parleur, bote basikie.

«Maman, ni Émilienne. Jina yako imeingia! Weye na batoto bote sita.»

Kule nyuma mvua inasikika inapiga bâche. «Asante, mwanangu. Lakini sasa ni saba.»

«Saba namna gani?»

«Nilizaa lundi.»

Bakaangaliana. Bâche inapimwa na idadi ya batu. Saba ni kipimo ingine. Onze heures quarante-trois.

«Fungua tena fiche yake!» chef akasema. «Ongeza!»

Émilienne akafungua. Ikazunguka, ikazunguka, Musoki amesha kushika câble na mukono kama mutu anashika mukono ya mugonjwa. Ikafungua. Mutoto ya saba, mwanamuke, kuzaliwa lundi. Akasukuma. Rouge! Formulaire ilikataa: nafasi ya jina iko mupu.

«Maman, mutoto anaitwa nani?»

«Hatujamupa jina. Tunamungojea baba yake.»

«Maman,» Musoki akainama ku téléphone, «hii mambo haingoje baba. Kuko dakika kumi na tano. Sema jina.»

Mvua. Sauti ya mama anamuongelesha mutu mwingine, pengine bibi, pengine jirani, luga ya kwao. Papa Blanchard anaangalia saa. Onze heures quarante-huit. Quarante-neuf, dakika kumi na moja tu. Hakuna mutu alimusukuma. Jina ni jina.

«Andika Gracia,» mama akasema.

Émilienne akapiga, herufi kwa herufi, na kidole moja tu, aogope kukosea. Akasukuma. Kiduara ikazunguka ku écran. Ikazunguka. Ikazunguka.

«Bien reçu.»

«Imeingia, Maman,» Émilienne akasema. «Gracia ameingia.»

Ku haut-parleur, mutoto akaamuka, akaanza kulia na nguvu yake yote, na mama akamuambia: «Nyamaza, Gracia. Nyamaza, banakuandika.»